Maneno marefu ya Kinorwei: dhana potofu kuhusu silabi na mkazo

Aliyekulia Kiswahili huingia darasa la Kinorwei akiwa na mazoea mawili ambayo kwa kawaida hata hajui kuwa anayo. La kwanza ni kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno liwe fupi kama kitabu au refu kama watakaotusaidia. La pili ni kutarajia silabi iishie kwa irabu. Kwenye Kinorwei mazoea yote mawili yanakwama, na yanakwama vibaya zaidi kwenye maneno ambatano: maneno mawili, matatu au zaidi yaliyounganishwa yakaandikwa kama neno moja. Mkongomani au Mrundi aliyehamia Norwei hukutana nayo wiki ya kwanza tu, kwenye barua za ofisi na vibao vya barabarani: barnehage (chekechea), sykehus (hospitali), arbeidsplass (mahali pa kazi), fylkeskommune (serikali ya mkoa).

Katika makala hii herufi kubwa ndani ya neno huonyesha silabi yenye mkazo mkuu, na kistari huonyesha kiungo kati ya sehemu mbili.

Dhana: Neno refu lisome silabi kwa silabi kuanzia kushoto

Ukweli ni kwamba huwezi kugawa silabi kabla ya kujua viungo viko wapi. Chukua landslag. Ukikata lands-lag unapata timu ya taifa, na hiyo ndiyo maana yake ya kila siku. Ukikata land-slag unapata pigano la nchi kavu. Husarrest ni hus-arrest, kifungo cha nyumbani; ukisogeza kiungo herufi mbili mbele, husar-rest, unabaki na masalia ya askari wa farasi. Herufi ni zilezile na mpangilio ni uleule.

Kiungo kikikosewa, sauti nayo huharibika. Katika Kinorwei silabi yenye mkazo lazima iwe ndefu kwa njia moja kati ya mbili: ama irabu inavutwa na konsonanti inayofuata ni fupi, ama irabu ni fupi na konsonanti inashikiliwa. Tak (paa) ina a ya kuvuta. Takk (asante) ina a fupi na k iliyoshikiliwa. Hat ni chuki, hatt ni kofia. Sasa angalia nattog, treni ya usiku. Anayekata nat-tog huivuta a, kwa sababu ameona t moja tu mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Neno lenyewe ni natt + tog, kwa hiyo a ni fupi. Kwa nini t ya tatu haionekani? Tutafika huko.

Njia inayofanya kazi ni kuanzia mkiani. Sehemu ya mwisho ndiyo kichwa cha neno: ndiyo inayobeba maana ya msingi na ndiyo inayoamua jinsia, yaani kama nomino hutanguliwa na en au et. Barnehageplass ni aina ya plass (nafasi), na plass hutumia en, basi neno zima ni en barnehageplass. Betalingskort ni aina ya kort (kadi), na kort hutumia et, basi ni et betalingskort. Kiswahili hutanguliza kichwa: tunasema "nafasi ya chekechea", "kadi ya malipo". Mnorwei hukiweka mwisho. Kwa hiyo ukitafuta maana, soma kutoka kulia kwenda kushoto. Ukitafuta mkazo, rudi kushoto kabisa.

Dhana: Mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza ya neno, siku zote

Hii ni nusu ya ukweli, na ndiyo maana inadumu. Kanuni yenyewe ni hii: mkazo mkuu huangukia *silabi yenye mkazo ya sehemu ya kwanza*. Sehemu hiyo ikiwa neno la asili la Kinorwei, mara nyingi mkazo wake uko mwanzoni, na dhana inaonekana sahihi: BARnehage, SYkehus, ARbeidsplass.

Maneno ya mkopo huivunja. Student hutamkwa stuDENT, kwa hiyo chumba cha kupanga cha mwanafunzi ni stuDENThybel. Politi ni poliTI, kwa hiyo kituo cha polisi ni poliTIstasjon. Universitet hubeba mkazo kwenye silabi ya mwisho, na hospitali ya chuo kikuu ni universiTETSsykehus: silabi nne zinapita ndipo unafika kwenye mkazo mkuu. Kiambishi be- nacho hakichukui mkazo, kwa hiyo ni beTAling (malipo) na beTAlingskort. For- inahitaji uangalifu zaidi. Katika forKLAring (maelezo) haina mkazo, lakini katika FORnavn (jina la kwanza) inabeba mkazo wote.

Mashariki mwa Norwei utasikia wenye lahaja za huko wakisema POliti na BAnan. Hawakosei, ni lahaja yao. Anayejifunza achague mtindo mmoja na kuushika, maana kuchanganya ndiko kunakomchanganya msikilizaji.

Yapo pia maneno ambatano machache ambayo mkazo wake uko kwenye sehemu ya mwisho. Mkesha wa Krismasi ni julAFten. Miji ya Kristiansand na Kristiansund husemwa KristianSAND na KristianSUND (d ya mwisho haitamkwi). Haya yajifunze moja moja, kwa sababu tahajia haitoi dalili yoyote.

Fylkeskommune ni mtego mara mbili kwetu. Kommune peke yake ni komMUne. Ukiiambatanisha na fylke, ile mu inakuwa silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo ulimi wa Mswahili tayari umezoea kukaza. Matokeo yake ni fylkeskomMUne, na msikilizaji anasikia maneno mawili, huku la kwanza likiwa limemezwa. Sema FYLkeskommune. Mu isipotee, bali ishuke daraja: irabu yake inabaki imevutwa, ila nguvu kubwa imekwisha tumika kwenye fyl. Huo ndio mkazo wa pili, na kila neno ambatano la kawaida linao. Katika skolebøker (vitabu vya shule) ø inavutwa ingawa mkazo mkuu uko kwenye SKO. Ukiifupisha, neno linasikika kama limekatwa mkia.

Dhana: Sauti inapanda mwishoni, kwa hiyo mkazo uko mwishoni

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote kuing'oa, kwa sababu masikio yenyewe yanaithibitisha. Katika Kinorwei cha mashariki, pamoja na cha Oslo, neno lenye mkazo hubeba mojawapo ya toni mbili. Toni ya kwanza huanzia chini kwenye silabi yenye mkazo kisha ikapanda. Toni ya pili huanzia juu, ikashuka, kisha ikapanda tena. Bønder (wakulima) ina toni ya kwanza na bønner (maharage) ina toni ya pili. D ya bønder haitamkwi, hivyo toni tu ndiyo inayoyatenganisha. Loven (sheria ile) na låven (ghala lile la shambani) ni jozi nyingine ya namna hiyo.

Neno ambatano, hata liwe na urefu gani, huchukua toni moja tu, inayoanzia kwenye mkazo mkuu na kutandazwa hadi mwisho. Toni zote mbili huishia juu. Kwa hiyo katika arbeidsplass silabi inayosikika juu kabisa mwishoni ni plass, wakati mkazo mkuu uko kwenye ar. Anayepima mkazo kwa kimo cha sauti atakosea karibu kila mara.

Sikiliza urefu badala ya kimo. Silabi yenye mkazo mkuu ni ndefu na ina nguvu, hata kama iko chini. Hapa Kiswahili kinatusaidia kidogo: sisi pia huvuta kidogo irabu ya silabi yenye mkazo, kwa hiyo sikio linaujua urefu, linahitaji tu kuufuata. Ukisafiri hadi Bergen utaona wazi kwa nini kimo si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa huko mwelekeo wa toni ni tofauti na sauti hushuka mwishoni, ilhali mkazo umebaki palepale. Baadhi ya lahaja za karibu na Bergen na za sehemu za Finnmark hazitofautishi kabisa toni hizi mbili, na watu wanaelewana.

Dhana: Kuongeza irabu kidogo kunarahisisha tu matamshi

Kunaharibu hesabu ya silabi. Arbeidsplass ina silabi tatu: ar-beids-plass. Ei ni mlio mmoja, haikatwi e-i. Kwa mazoea ya Kiswahili inakuwa a-ru-be-i-di-si-pu-la-si, silabi tisa, na mkazo unakimbilia la. Fanya zoezi kwa kurudi nyuma: sema plass hadi p na l zishikane, kisha beids-plass, kisha neno zima. Usianzie mwanzo, kwa sababu ugumu uko kwenye kiungo, pale ds inapokutana na pl.

Wengine hujaribu kukwepa ugumu huo kwa kupumua kidogo kwenye kila kiungo. Wanorwei hawafanyi hivyo. Mashariki na kaskazini r ya mwisho wa sehemu moja huyeyuka ndani ya s, t, d, n au l inayofuata, kana kwamba kiungo hakipo: katika vintersport ile rs inasikika karibu na sh yetu, na katika vintertid ncha ya ulimi hukunjwa nyuma kwa t. Magharibi na kusini-magharibi, ambako r hutamkwa kooni, muungano huo haupo.

Dhana: S na e za katikati ni za kupuuza

Zina kazi, na zote mbili ni mali ya sehemu iliyotangulia. Ni arbeids-plass, kamwe si arbeid-splass, ni barne-hage. S pia hufichua muundo. Glasi ya mvinyo ni vinglass, bila s. Glasi ya mvinyo mwekundu ni rødvinsglass: s imeingia kwa sababu rødvin yenyewe tayari ni neno ambatano. Ukiiona s mahali ambapo neno fupi halina, mara nyingi hapo ndipo kiungo kikuu kilipo.

Dhana: Herufi zinazoonekana ndizo zote zilizomo

Hapa tunarudi kwenye nattog. Konsonanti tatu zinazofanana zikikutana kwenye kiungo, Kinorwei huandika mbili tu. Buss + stopp ni busstopp (kituo cha basi), trafikk + kort ni trafikkort, fotball + lag ni fotballag (timu ya mpira), glass + skår ni glasskår (kigae cha kioo). Neno likikatwa mwishoni mwa mstari, herufi iliyofichwa hurudi: buss-stopp, natt-tog, fotball-lag. Kwa hiyo ukikutana na konsonanti mbili zinazofanana katikati ya neno refu, jaribu kuongeza ya tatu uone kama maneno mawili kamili yanatokea.

Kuhusu mwisho wa mstari, kata kwanza kwenye kiungo: barne-hage, fylkes-kommune. Ndani ya neno lisilo ambatano, konsonanti moja huenda mstari unaofuata: kas-te, kof-fert, hata venst-re. Herufi zinazowakilisha mlio mmoja, kama sj, zisitenganishwe: bran-sje.

Dhana: Kuacha nafasi kati ya sehemu kunamsaidia msomaji

Kunampa neno jingine. Røykfritt ni "pasipo moshi wa sigara". Røyk fritt ni "vuta sigara kwa uhuru". Tunfiskbiter ni vipande vya jodari. Tunfisk biter ni "jodari anauma". Lammelår ni mapaja ya mwanakondoo, lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Simu huchangia kosa hili, kwa kuwa kibodi huongeza nafasi kila unapochagua neno lililopendekezwa.

Mkazo ndio mwamuzi. En ENgelsklærer ni mwalimu wa somo la Kiingereza, mkazo mkuu mmoja, neno moja. En ENgelsk LÆrer ni mwalimu aliye Mwingereza, mikazo miwili, maneno mawili. KAFfekopp ni chombo. En kopp KAFfe ni kinywaji. Kiswahili husema "kikombe cha kahawa" kwa vyote viwili, kwa hiyo tofauti hii inatupita kirahisi. Kipimo hiki kina mipaka: i dag (leo) ina mkazo mmoja, kwenye dag, lakini huandikwa kama maneno mawili. Kistari nacho kina mahali pake, kwa vifupisho kama FN-soldat (FN ni Umoja wa Mataifa) na pale maneno mawili yanapotumia sehemu moja ya mwisho, kama barne- og ungdomsskole (yaani barneskole og ungdomsskole).

Dhana: Maneno marefu mno hayasomeki

Linalotajwa mara kwa mara kuwa refu kuliko yote lina herufi 60: minoritetsladningsbærerdiffusjonskoeffisientmålingsapparatur. Anza mkiani: apparatur, vifaa, hutumia en. Målings: vya kupimia. Koeffisient, diffusjons: kigawo cha msambao. Bærer, ladnings, minoritets: wa vibeba chaji vilivyo vichache. S nne zimekuonyesha viungo vinne kati ya sita. Rudi mwanzo uulize minoritet hukazwa wapi: minoriTET. Mkazo mkuu umepatikana, na kila kinachofuata hutamkwa chini yake huku irabu ndefu zikivutwa. Kama huna uhakika na sehemu ya kwanza, kamusi ya NAOB iko bure mtandaoni na huonyesha matamshi. Tafuta sehemu hiyo peke yake, si neno zima, kwa sababu maneno ambatano mengi hayamo katika kamusi yoyote.