Kuorodheshwa Si Kunyang'anywa: Funzo la Kona ya Norman, Kampala

Tangu Sheria ya Makumbusho na Kumbukumbu za Kihistoria ya 2023 ipite, swali moja linarudi kila sisi wa uhifadhi wa majengo ya kale tunapoonana na wenye majengo ya katikati ya Kampala: "Mkiliandika jengo langu kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, si mtakuwa mmelichukua?" Hapana. Nitaeleza kwa kona mnayoipita kila siku, pale Kampala Road inapokutana na Bombo Road na Buganda Road.

Jengo kubwa la hapo, leo Watoto Church, lilikuwa sinema ya Norman. Jina ni la Norman Godinho, mfanyabiashara Mgoa, yaani Mwasia mwenye asili ya Goa huko India, aliyelijenga. Nalisisitiza hili kwa sababu nimechoka kusikia kwamba tunalinda "mabaki ya mkoloni". Norman haikujengwa na serikali ya kikoloni. Anayetaka ukumbi wa serikali wa enzi hiyo aende National Theatre, iliyofunguliwa Desemba 1959. Norman ilitoka mfukoni mwa mfanyabiashara. Kampala Road ilikuwa imejaa maduka ya Waasia, na sinema ikawapa wanunuzi sababu ya kubaki mjini hata giza likiingia.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yao yakagawiwa wengine, na mali zilizoachwa zikawekwa chini ya bodi maalumu ya uangalizi. Sheria ya 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuzirejesha: mwenye mali alimwomba waziri wa fedha, waziri akiridhika alitoa cheti cha kurejeshewa, na cheti hicho kilipelekwa kwa msajili wa ardhi ili daftari lirekebishwe. Asiye na cheti hakuwa na cha kumwonyesha msajili, hata kama mtaa mzima ulimjua babu yake.

Kwa hiyo hofu ya kunyang'anywa naielewa. Watu walinyang'anywa kweli, na katika barabara hiyo hiyo. Lakini kuorodheshwa ni jambo jingine kabisa. Jina kwenye hati ya ardhi linabaki lako. Unapangisha, unapokea kodi, unauza, unarithisha. Unachotakiwa ni kuuliza kabla hujagusa kuta, paa au uso wa mbele wa jengo.

Tena, kibali cha kubomoa kinahitajika hata kwa jengo lisiloorodheshwa. Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 inahesabu ubomoaji kuwa kazi ya ujenzi, na anayeifanya bila kibali cha kamati ya majengo anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Kuanza kubomoa Jumamosi usiku kwa kuwa ofisi zimefungwa hakumpi mtu kibali Jumatatu asubuhi.

Watoto Church, kanisa lililoanza 1984 kwa jina la Kampala Pentecostal Church, ndilo lililokuja kuichukua Norman. Mpango wa kujenga upya kiwanja hicho ulizua mvutano, nami sitauamulia hapa. Ninachojua ni kwamba ukumbi uliojengwa kwa ajili ya filamu uliweza kupokea ibada bila kuta zake kuangushwa. Mwenye jengo la zamani anayefikiria kulibadili aje mapema, kabla hajamlipa mkandarasi, akiwa na nakala ya hati, picha za pande zote, na michoro ya awali kama bado anayo.