Kurejesha bekapu kwenye klasta: data imerudi, mbona haionekani?

"Kaka, nimerejesha bekapu, hakuna kosa lolote lililotokea, lakini kontena za jana sizioni."

Aliyenipigia ni kijana wa kompyuta katika ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Mombasa, karibu na Kilindini. Mtu alifuta rekodi za siku nzima kwa makosa. Kijana akachukua faili za bekapu, akazirudisha mahali pake, akawasha seva. Rekodi za siku ile, hakuna hata moja.

Kwa hifadhidata iliyo kwenye kompyuta moja, kurejesha ni karibu sawa na kurudisha faili. Klasta ni kundi la seva, yaani nodi, zinazogawana data, na kila rekodi huandikwa kwenye nodi kadhaa, mara nyingi 3. Unaposoma, majibu ya nodi hulinganishwa na lililoandikwa mwisho ndilo linalokubaliwa. Kwa hiyo kurejesha kwenye klasta ni kuzifanya nodi zote zikubali tena hali ya zamani, na hapo ndipo kazi ilipo.

Yeye alikuwa anatumia Cassandra, programu ya hifadhidata ya klasta, na kwa Cassandra kufuta ni kuandika. Rekodi ikiingia saa nne asubuhi kisha ikafutwa saa kumi jioni, papo hapo haiondolewi: inaandikwa alama ya saa kumi kwamba hii imefutwa. Wahandisi huiita jiwe la kaburi. Usipobadilisha mpangilio, alama hiyo hutunzwa angalau siku 10. Ni kama muuzaji wa soko la Kongowea aliyeandika "amelipa" chini ya deni: hata ukibandika tena ukurasa wa deni, neno lile bado liko pale. Faili za kijana zilikuwa diskini, nzima kabisa, ila alama za saa kumi zilizishinda.

Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: diski iliharibika, au mtu alifuta? Diski ikifa, mara nyingi hata bekapu huihitaji. Weka nodi mpya, ijijaze kutoka kwa wenzake. Mtu akifuta, nodi zote zimefuta pia.

Njia ya vitabuni ni kulimwaga jedwali lote kwanza, alama ziondoke, ndipo urudishe faili. Mimi siipendi kwa kazi kama ile, kwa sababu kila kilichoingia baada ya bekapu kitapotea. Tulirejesha kwenye klasta ndogo ya pembeni, tukasoma rekodi za siku ile, tukaziandika upya kwenye klasta ya kazi. Zikapata saa mpya, zikazishinda alama.

Kuna mtego mwingine unaotoa dalili zilezile. Jedwali likiondolewa na kuundwa tena kwa jina lilelile, Cassandra hulipa kitambulisho kipya, na folda yake ni mpya. Ukiweka faili kwenye folda ya zamani hazisomwi, wala hulalamikiwi. Na bekapu ya nodi 6 usiinakili hivi hivi kwenye nodi 3, maana kila nodi ina sehemu yake ya data. Tumia programu ya kupakia inayoipeleka kila rekodi kwa nodi inayohusika.

Tulimaliza saa nane usiku. Kontena moja tu ilikataa kuonekana, na hiyo, tulipochunguza, haikuwahi kuingizwa.