Elimu kwa Umma: Nani Anakwenda Afrika, Nani Anakata Rufaa, na kwa Nini Fainali Haichezwi Dar

Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania (si lile la Afrika) likifika robo fainali, maswali yanayoletwa kwetu huwa ni yale yale ya mwaka jana, na mengine huja yakiwa yameshageuka tuhuma. Tunaamini wanaouliza wana nia njema na mpira wao. Yanayofuata ni maelezo ya jumla tu. Kanuni za msimu husika ndizo zenye nguvu, na zikitofautiana na makala haya, zifuatwe kanuni.

Linalozua kelele kuliko yote ni hili la mshindi wa pili. Wengi wanaamini timu ikifika fainali na kufungwa na bingwa wa Ligi Kuu, tayari imekata tiketi ya Afrika. Tunajua imani hiyo ilikotoka. Kombe liliporejeshwa msimu wa 2015/16, Yanga iliifunga Azam 3-1 kwenye fainali, na kwa kuwa Yanga ilikuwa pia bingwa wa ligi, ilikwenda Ligi ya Mabingwa na Azam ikapewa nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwaka 2020 Simba ikabeba makombe yote mawili, na Namungo, iliyofungwa 2-1 pale Sumbawanga, ikaenda Afrika hadi hatua ya makundi. Mara mbili zikatosha watu kuamini kuwa ndiyo kanuni ya kudumu.

Halafu ikaja Julai 2022, Arusha. Abdul Suleiman 'Sopu' aliifungia Coastal Union ya Tanga mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga, mechi ikaisha 3-3 baada ya dakika 120, Yanga ikashinda kwa penalti. Tanga walijua wamepoteza kombe lakini wamepata Afrika. Haikuwa hivyo. Waliokwenda Kombe la Shirikisho Afrika ni Azam na Geita Gold, waliomaliza ligi nafasi ya tatu na ya nne. Lawama zilizofuata zilikuwa nyingi, na nyingi zilitoka kwa watu ambao hawajawahi kufungua kanuni.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila nchi mwanachama wa CAF (Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika) hupata nafasi mbili: bingwa wa ligi anakwenda Ligi ya Mabingwa, bingwa wa kombe anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Nchi 12 zenye pointi nyingi katika viwango vya CAF, vinavyotokana na matokeo ya klabu zake kwa misimu mitano huku misimu ya karibuni ikipewa uzito mkubwa zaidi, hupata nafasi nne. Nafasi zikiwa mbili, na timu moja ikabeba ligi na kombe, nafasi iliyobaki ndiyo iliyoangukia kwa aliyefungwa fainali: hiyo ni 2016, hiyo ni 2020. Zikiwa nne, wawili wa juu wa ligi huenda Ligi ya Mabingwa, na bingwa wa kombe akiwa ndani ya tatu bora, msimamo wa ligi unashuka mpaka wa nne. Lipuli ya Iringa ilifungwa fainali ya 2019 mjini Lindi na haikwenda. Ilikwenda KMC iliyokuwa ya nne. Singida Black Stars ilifungwa na Yanga 2-0 kwenye fainali ya 2025 na ikaenda, lakini haikwenda kwa sababu ya fainali. Ilikwenda kwa sababu ilimaliza ligi ya nne. Coastal Union yenyewe iliipata Afrika mwaka 2024, bila fainali yoyote, kwa kushika nafasi ya nne kwenye ligi.

Na nafasi si safari. Klabu lazima iwe na leseni ya klabu kwa masharti ya CAF, usajili ukamilike ndani ya dirisha, na timu ifike uwanjani. Biashara United ya Mara iliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 nyumbani mwaka 2021, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano. Mashindano yake yakaishia hapo.

Sasa tuje kwenye malalamiko, ambako ndiko tunakotumia muda mwingi. Msimu wa 2016/17 unafaa kusomwa na kila katibu wa klabu. Aprili 2017 Simba ilifungwa 2-1 na Kagera Sugar pale Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ikalalamika kwamba Kagera ilimchezesha beki mwenye kadi tatu za njano, ambazo humfanya mchezaji akose mechi. Kamati ya kusimamia ligi, inayojulikana mtaani kama Kamati ya Saa 72, ikaipa Simba pointi tatu. Siku chache baadaye Kamati ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji ikautengua uamuzi huo kwa hoja za utaratibu, ikiwemo malalamiko kuwasilishwa nje ya muda na ada kutolipwa. Ligi ikaisha Yanga na Simba zikiwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mitaani walibishana kuhusu kadi. Kilichoamua ni karatasi.

Kwa hiyo narudia, kwa faida ya wanaodhani tunajificha nyuma ya taratibu. Malalamiko ni ya maandishi. Yanatoka kwenye klabu, yamesainiwa na kiongozi mwenye mamlaka hayo, yametaja mchezo, kosa na kifungu kinachodaiwa kuvunjwa, yameambatanishwa na vielelezo na stakabadhi ya ada, na yamefika ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni za mashindano yale. Muda huo haungoji ofisi ifunguliwe Jumatatu. Barua nzuri iliyochelewa haisikilizwi. Barua iliyowahi lakini haina ada haisikilizwi pia. Kumpigia simu ofisa unayemfahamu si kuwasilisha malalamiko. Kuzungumza na waandishi wa habari baada ya mechi si kuwasilisha malalamiko, na mara nyingine ni kosa jipya linalompeleka msemaji kwenye Kamati ya Maadili.

Pia si kila jambo linakatiwa rufaa. Sheria ya tano ya mpira wa miguu inasema uamuzi wa mwamuzi kuhusu matukio ya mchezo, pamoja na bao kuwa bao au kutokuwa bao, ni wa mwisho. Fainali ya msimu ule ule wa 2017, Dodoma, Simba na Mbao FC ya Mwanza zilimaliza dakika 90 bila bao. Blagnon akaifungia Simba kwenye muda wa nyongeza, Ndaki Robert akasawazisha, na Shiza Kichuya akafunga penalti mwisho mwisho. Wapo Mwanza ambao hadi leo hawaitambui penalti ile. Wana haki ya kutoitambua vijiweni. Kwenye kamati hakuna kifungu cha kuirudia. Mbao ilikuwa imeitoa Yanga kwenye nusu fainali 1-0 pale Kirumba, na hilo nalo halikuwa na rufaa.

Mashabiki huuliza pia kuhusu kadi. Kwa msingi wa jumla, kadi za njano za mashindano moja hazihamii mashindano mengine, wakati adhabu ya kadi nyekundu inaweza kuhama. Meneja wa timu asiyekuwa na daftari la kadi za wachezaji wake, ligi peke yake na kombe peke yake, anajitafutia matatizo. Kwenye mikwaju ya penalti, njano ya ndani ya mchezo haijumlishwi na ya kwenye mikwaju kuwa nyekundu.

Yapo makosa mengine ambayo kwa kweli yanachosha. Timu inafika uwanjani, geti rasmi liko wazi, walinzi wanaliona, waandaaji wanaliona, na timu inazunguka kutafuta upenyo mwingine kwa hofu ya kurogwa. Chumba cha kuvalia kimesafishwa, wachezaji wanavalia kwenye basi. Faini inafuata, klabu inalipa, na mechi ijayo inarudia. Wanaoamini chumba kina mdudu waulize Green Warriors wa daraja la pili walivyoitoa Simba, bingwa mtetezi, kwa penalti Desemba 2017. Au Mashujaa wa Kigoma walioifunga 3-2 jijini Dar es Salaam mwaka uliofuata. Kuhusu fataki, chupa na kuingia uwanjani: klabu hubeba dhamana ya mashabiki wake, na maelezo kwamba waliofanya hivyo "si wetu" hayaondoi dhamana hiyo. Upangaji wa matokeo uko kwenye kundi lake: kanuni za nidhamu za FIFA zinaweka kifungo kisichopungua miaka mitano, na aliyeshawishiwa akanyamaza bila kutoa taarifa naye ana kosa.

La uwanja wa fainali halina mengi. Fainali huzungushwa: Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Arusha tena, Tanga, na Uwanja wa Amaan Zanzibar mwaka 2024 na 2025. Wanaolalamika kwa kawaida wako Dar es Salaam, na kweli Sumbawanga ni zaidi ya kilomita elfu moja. Watu wa Rukwa wameisafiri njia hiyo hiyo kwa miaka mingi kuwafuata ninyi. Fainali kuchezwa Amaan hakuzifanyi klabu za Zanzibar kuwa washiriki. Zina ligi na kombe lao, na zinaingia mashindano ya CAF kwa nafasi zao wenyewe.

Shabiki mwenye hoja kuhusu mchezo aipeleke kwa katibu wa klabu yake, maana barua ya mtu binafsi haifunguliwi jalada. Isipokuwa taarifa ya upangaji wa matokeo: hiyo hupokelewa kutoka kwa yeyote, saa yoyote, na haina ada.