Kigeu huru, kigeu tegemezi na mbinu ya utafiti: uliza nani aliyepanga

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la jirani akatoe hotuba fupi: wengine kuhusu Msamaria Mwema, ule mfano wa Luka 10 wa msafiri aliyemsaidia majeruhi njiani, wengine kuhusu kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Kabla ya kutoka, wapo walioambiwa wamechelewa, wanasubiriwa. Wapo walioambiwa kila kitu kiko tayari, waende. Wengine waliambiwa bado kuna dakika chache. Njiani, kwenye kichochoro, mtu alikuwa ameketi mlangoni amejikunyata, kichwa chini, akikohoa na kugumia. Aliwekwa pale na watafiti.

Ukiulizwa kwenye mtihani vigeu viko wapi, yaani mambo yanayobadilika ambayo utafiti unayachunguza, anza na swali moja: nani aliyepanga nani apate nini? Haraka ilipangwa na watafiti, tena kwa bahati nasibu. Basi haraka ni kigeu huru, na mada ya hotuba vilevile. Kilichosubiriwa kuonekana, yaani kama mwanafunzi atasaidia, ni kigeu tegemezi.

Hapo kwenye kigeu tegemezi ndipo watu wengi hupoteza alama, kwa kuandika “huruma” au “wema”. Huruma haikupimwa. Kilichopimwa ni kitendo, kwa alama 0 hadi 5: 0 kwa ambaye hakutambua kabisa kwamba yule mtu ana shida, 3 kwa aliyesimama na kumuuliza kama anahitaji msaada, 5 kwa aliyekataa kumwacha. Soma sehemu ya mbinu mpaka uone kipimo chenyewe, ndipo ukitaje kigeu.

Lakini utafiti huohuo una kigeu cha namna nyingine. Wanafunzi walijaza hojaji kuhusu dini yao: wanaifuata kwa faida inayoleta, kwa ajili yake yenyewe, au kama safari ya kutafuta majibu? Hakuna mtafiti aliyewagawia imani, walikuja nayo. Kwa hiyo sehemu ile ni utafiti wa uhusiano, yaani wa kuangalia kama mambo mawili yanaenda pamoja bila mtafiti kupanga lolote, hata kama imekaa ndani ya jaribio. Wala hojaji si mbinu. Ni chombo tu, na majaribio mengi huitumia. Mahali nako kusikupoteze: jaribio hili lilifanyika nje, kichochoroni, na bado ni jaribio, kwa kuwa watafiti ndio waliopanga nani aharakishwe.

Matokeo? Waliokuwa na nafasi walisaidia kwa asilimia 63, wa haraka ya kati, wale walioambiwa tu waende, 45, walioambiwa wamechelewa 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya kutegemewa kitakwimu, na aina ya imani haikutabiri nani angesimama. Wapo waliomruka yule mtu huku wakienda kumhubiri Msamaria.

Sasa chukulia watafiti wasingemharakisha yeyote, wangekaa tu kichochoroni kupima mwendo wa wapita njia na kuhesabu waliosaidia. Majina ya vigeu yangekuwa yaleyale, haraka na msaada, ila mbinu ingekuwa utafiti wa uhusiano. Pengine aliyekaza mwendo angekuwa amemwona yule mtu kwa mbali na kuamua kumkwepa, na haraka yake ingekuwa tokeo la kukataa kusaidia badala ya kuwa chanzo chake.