Chumvi haili rangi, hula maungio

Kaa na wapenzi wa magari wa Nakuru kwa muda, iwe ni pale wanapooshea magari Free Area au kando ya barabara huko Naivasha wakisubiri vumbi la gari la kwanza la Safari Rally, na mazungumzo yatafika Ulaya. Atatokea mmoja aliyetazama video ya Lamborghini ikicheza kwenye theluji. Mwingine atamjibu kwamba gari hilo limekwisha, chumvi inayomwagwa barabarani dhidi ya barafu italitafuna kabla ya majira kubadilika. Wa tatu atawaambia wote wawili kuwa hawajui kitu, supakaa, haya magari ya kifahari yenye kasi kubwa, za siku hizi hazina hata chuma cha kuliwa. Wengi wao hawajawahi kukanyaga theluji, lakini ubishi wao si wa bure. Subaru au Probox wanayoendesha huenda ilipitisha majira kadhaa ya baridi kwenye barabara zenye chumvi za kaskazini mwa Japani kabla ya kupakiwa melini. Suala la bilionea wa Uswisi mwenye Lamborghini linamgusa pia mwalimu wa Njoro mwenye Probox. Haya hapa madai yao, moja moja, na majibu yangu.

“Chumvi ndiyo inayoleta kutu.”

Kutu huletwa na maji na oksijeni zinapokutana na chuma. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kuliko maji matupu, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo unaotembea ndani ya chuma kutoka doa moja hadi jingine. Juu ya hayo, kloridi iliyo ndani ya chumvi hutoboa utando mwembamba ambao metali nyingi hujifunika nao ili kujilinda.

Kule Uingereza, malori ya halmashauri humwaga chumvi ya mawe usiku wa baridi, gramu 10 hadi 20 hivi kwa kila mita mraba, nyingi yake ikiwa imechimbwa Winsford, Cheshire. Lengo ni kuzuia maji yasigande yanapofika nyuzi 0. Baridi ikizidi sana, kuanzia nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hulemewa, ndiyo maana sehemu zenye baridi kali huongeza kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Hizi mbili ndizo za kuogopwa na mwenye gari. Chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi. Ya kalsiamu na ya magnesiamu hulowa hewa ikiwa na unyevu wa theluthi moja tu. Barabara imekauka, rangi imekauka, lakini chini ya gari bado kumelowa.

Sasa fikiria gari hilo likishushwa Kisumu. Asubuhi za masika unyevu hupita asilimia 75 bila shida. Chumvi iliyokuwa imelala kavu ndani ya mkunjo wa bati inaanza kazi upya, maelfu ya kilomita kutoka kwenye theluji iliyomwagiwa.

“Ukiliweka gari kwenye gereji yenye joto, limepona.”

Kinyume chake. Kutu ni kemia, na kemia hukimbia penye joto. Gari lenye chumvi lililoegeshwa nje kwenye barafu huoza polepole kuliko lile lililoingizwa ndani likayeyuka na kubaki limelowa usiku kucha. Maabara wanalijua hilo: jaribio maarufu la kupulizia vyuma ukungu wa chumvi hufanywa kwa maji yenye chumvi asilimia 5, katika joto la nyuzi 35. Hakuna anayelifanya ndani ya friji.

“Supakaa za kisasa ni kaboni na aluminiamu, hakuna cha kuoza.”

Hapa ndipo wajuaji wetu wanapojiamini zaidi, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Ni kweli kwamba magari haya yameacha chuma kwa sehemu kubwa. Honda NSX ya 1990 ilikuja na bodi nzima ya aluminiamu. McLaren F1 ya 1992 lilikuwa gari la kwanza la barabarani kujengwa juu ya kiunzi cha nyuzi za kaboni. Ferrari ikaingia kwenye chasisi ya aluminiamu kwa 360 Modena mwaka 1999, na Lamborghini Huracán ya 2014 ikachanganya vyote viwili. Ukilinganisha na magari ya Italia ya miaka ya 1970, ambayo yalikuwa yakianza kuoza mapema mno, haya ni maendeleo makubwa. Hata waliobaki na chuma walijirekebisha: Porsche ilianza kuijenga 911 kwa chuma kilichopakwa zinki kuanzia matoleo ya 1976, zinki ile ile iliyo kwenye mabati ya paa lako.

Lakini kaboni ina tabia ambayo haitajwi kwenye video. Hupitisha umeme, na ikigusana na aluminiamu mahali penye maji ya chumvi, hapo pamezaliwa betri. Upande unaoliwa na betri hiyo ni aluminiamu. Tazama sasa gari kama McLaren MP4-12C: abiria wameketi ndani ya beseni la kaboni, na mbele na nyuma yake zimefungwa fremu za aluminiamu zinazobeba injini na saspensheni. Kila mahali vitu hivyo viwili vinapokutana, mhandisi amelazimika kuvitenganisha kwa tabaka la nyuzi za kioo, gundi isiyopitisha umeme au bolti zilizopakwa kinga. Kazi hiyo hufanywa vizuri sana kiwandani. Kiwandani hakuna kokoto. Barabarani, gari lililo chini kiasi kile, lenye tairi pana kiasi kile, hujirushia mawe lenyewe siku nzima, na kila jeraha dogo kwenye kinga ni mlango.

Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana watu hudhani iko salama. Hutoa unga mweupe na kuinua rangi kama malengelenge. Wenye Aston Martin wanaujua ugonjwa huo, kwani rangi kwenye bodi zao za aluminiamu ina sifa ya kufura kandokando ya vishikio vya milango. Nasi huku hatuna haja ya kwenda mbali kuushuhudia. Nenda kwenye shamba lolote kongwe upande wa Molo au Rongai ambako kuna Land Rover ya zamani. Tangu mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu baada ya vita, bodi zake zilitengenezwa kwa aluminiamu na chasisi kwa chuma. Angalia chini ya mlango, pale bati la aluminiamu linapokumbatia fremu ya chuma. Unga mweupe huo hapo, wala hapajawahi kunyesha theluji Molo. Matope na mvua vimetosha.

Ndiyo sababu nasema ubishi wa kaboni dhidi ya chuma umeelekezwa mahali pasipo penyewe. Gari halianzi kuliwa katikati ya paneli. Huliwa kwenye maungio: penye bolti, penye mkunjo, penye metali mbili, penye tundu la kutolea maji lililozibwa na tope. Supakaa ina maungio mengi ya metali tofauti kuliko Corolla. Ina pia rejeta na kondensa za eyakondishena zilizopangwa mbele kabisa kwenye midomo ya hewa, zenye mapezi membamba ya aluminiamu, zikipokea chumvi na mchanga moja kwa moja. Diski za breki za kauri na kaboni hazishiki kutu, sawa, lakini kitovu kinachozishika ni cha metali.

“Wenye supakaa huzificha wakati wa baridi kwa sababu ya chumvi tu.”

Tairi zao kwanza. Mpira wa tairi za kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na nguvu za farasi 600 juu ya mpira mgumu ni safari ya mtaroni. (Mwenye kubisha aende kwenye baridi ya Timboroa alfajiri ya Julai.) Watengenezaji wenyewe hawaiogopi theluji: Arjeplog, kaskazini mwa Sweden, hujaa magari ya majaribio kila majira ya baridi. Ila majaribio ya wiki kadhaa hayafanani na kuishi na chumvi miaka kumi.

“Paka oili chafu chini ya gari, kutu haigusi.”

Fundi wa jua kali atakupulizia oili iliyotolewa kwenye injini ya matatu kwa bei ya chai, na si kwamba haifanyi kitu. Mafuta hufukuza maji, kwa hiyo kutu hupungua kasi kwa muda. Tatizo ni kwamba oili hiyo hulainisha na kuvimbisha mpira, na chini ya gari kumejaa bushi za mpira. Vumbi la Nakuru nalo hunata juu yake hadi likawa gamba linaloshika unyevu. Kinachobaki hudondoka udongoni.

Lami nyeusi nzito ina kosa lake pia. Ikipakwa juu ya chuma safi na kikavu, ni kinga. Ikipakwa juu ya kutu, inafunika. Kutu huendelea chini yake pasipo mtu kuona, na baadhi ya wauzaji wa yadi wanalijua hilo kuliko wanunuzi wao. Bora dawa nyepesi ya nta inayopenya kwenye mikunjo, baada ya kuosha kwa maji mengi yasiyo na presha kali. Presha kali hupendeza machoni lakini husukuma maji ya chumvi ndani zaidi na kwenye plagi za nyaya.

“Kutu hii imeletwa na meli.”

Meli za magari ni kama gereji za ghorofa zilizofunikwa; mawimbi hayayafikii. Gari lenye kutu kwa kawaida lilipanda nayo. Karatasi ya mnada wa Japani huonyesha: herufi S kwenye mchoro ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Omba karatasi hiyo, kisha uulize gari lilisajiliwa mkoa gani. Hokkaido na Aomori si sawa na Kyushu. Halafu ingia chini na tochi, uangalie mabomba ya breki, vikalio vya springi na kisima cha tairi la spea. Bomba la breki lililoliwa halikupi onyo la pili.

“Hewa ya ziwa Kisumu ni kama ya bahari Mombasa.”

Hapana. Bahari ina chumvi karibu gramu 35 kwa lita. Ziwa Victoria ni maji baridi, watu huyanywa. Gari la Kisumu likioza mapema, laumu unyevu, na tope jeusi la Ahero ambalo likiganda ndani ya matao ya matairi halikauki wiki nzima.

Ziwa Nakuru ndilo lenye ubishi wa kuvutia, kwa kuwa lina magadi. Watu hudhani magadi hula chuma kama chumvi. Maji yenye alkali nyingi, kwa kweli, hukivumilia chuma kwa kiasi fulani. Asiyepona ni aluminiamu: utando wake wa kujilinda hudumu kati ya pH (kipimo cha asidi na alkali) 4 na 9 hivi, na maji ya ziwa hilo kwa kawaida hupita 9. Kwa hiyo pikapu kuukuu ya chuma iliyokanyaga tope la ufukweni inaweza kungoja hadi kesho. Mwenye Audi R8, kama yupo, au mwenye rimu za aluminiamu tu kwenye Vitz yake, aoshe jioni hiyo hiyo, kwa maji mengi yasiyo na chumvi wala magadi, akianzia nyuma ya rimu.