Kabla Hujafunga Pampu ya Oili ya Milimita 12

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bububu alinijia gerejini Kwerekwe na Impreza yake ya turbo, injini EJ20, boksi kalishika mkononi. Ndani ya boksi mna pampu mpya ya oili yenye rota (gurudumu la ndani linalosukuma oili) ya unene wa milimita 12, ameiagiza Dubai. "Fundi, nifungie hii. Nikikaa foleni Darajani taa nyekundu ya oili inawaka, na sitaki injini inife." Nikamwambia sawa, lakini tuitoe kwanza ya zamani tuone ina nini.

Watu wengi pesa zao zinapotelea hapa hapa, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Pampu haitengenezi presha, inasukuma oili tu. Presha inapatikana pale oili inapolazimika kupita kwenye upenyo mwembamba baina ya krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) na beringi zake. Fikiria pampu ya maji nyumbani: ukifungua bomba moja maji yanaruka, ukifungua na la ghorofani na la uani yote yanachuruzika, na pampu ni ile ile. Kwenye EJ20 pini ya krenki inayoshika koni rodi (mkono unaoiunganisha na pistoni) ina kipenyo cha milimita 52, na upenyo wa oili kuizunguka ni mwembamba kuliko unywele. Beringi ikilika, upenyo unapanuka, oili inakimbilia pembeni na presha inashuka. Mwenye injini ya namna hiyo akifunga pampu kubwa, geji ya presha itapanda na atalala usingizi, na beringi ziko vile vile zimelika. Injini kama hiyo nimeifungua zaidi ya mara moja baada ya koni rodi kutoboa bloku, na inaniuma kila mara kwa sababu ilikuwa inaokoleka.

Kwenye injini hizi pampu imekaa mbele, nyuma ya belti ya taimingi, na rota ya ndani inazungushwa moja kwa moja na ncha ya krenki. Kuifikia lazima belti itoke, kwa hiyo siku hiyo hiyo badilisha sili ya krenki, na belti pia kama imezeeka.

Nilipoitoa pampu ya yule kijana nikaigeuza juu ya meza. Sahani ya nyuma inashikwa na skrubu ndogo zenye vichwa vilivyozama. Moja niliizungusha kwa ukucha. Ya jirani yake bisibisi iligusa tu ikafuata. Nikamwita aje aone kwa macho yake, maana hili ni gonjwa la siku nyingi la pampu za EJ: mtikisiko na joto vinazilegeza, sahani inaachia kidogo tu, na oili iliyokwisha kubanwa inarudi ilikotoka badala ya kwenda kwenye beringi. Huhitaji pampu mpya kwa hilo. Unazitoa zote, unasafisha nyuzi mpaka zisiwe na chembe ya mafuta, unatia gundi ya kufungia skrubu na kukaza sawasawa. Hata pampu iliyotoka kwenye boksi mimi naifungua na kuzikagua.

Halafu nikaingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia upenyo. Baina ya rota na sahani mwisho ni milimita 0.12, na baina ya ncha za rota mbili mwisho ni 0.18. Zake zilikuwa bado ndani ya kipimo. Tuliposhusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakuta jambo la pili: strena, chujio ambalo pampu inavutia oili, imesokotwa nyuzi za silikoni. Aliyeifunga kabla alipaka nyingi kupita kiasi, iliyozidi ikabanuka ndani, ikakatika, ikavutwa na oili. Silikoni inatosha mstari mwembamba, jamani.

Sasa ile ya milimita 12. Ukilinganisha na pampu yenye rota ya milimita 10, kila mzunguko inasukuma oili zaidi kwa asilimia 20. Kwenye injini ambayo beringi zake ziko sawa, oili hiyo ya ziada haina pa kwenda: vali ya kupunguza presha inafunguka, inazungushwa bure, inapata joto na kula nguvu ya injini. Ukikanyaga sana, oili nyingi inapanda kwenye silinda hedi kuliko inayoshuka, sampu inapungua, na kwenye kona strena inavuta hewa. Ndiyo maana kwa gari linalokimbizwa, sampu yenye vizuizi vya kuzuia oili isikimbilie upande mmoja nina imani nayo zaidi kuliko rota nene. Pampu kubwa naifunga kwa moyo mweupe kwenye injini iliyojengwa upya na kuachiwa upenyo mkubwa makusudi, au yenye AVCS, mfumo wa Subaru wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, kwa sababu mfumo huo nao unaendeshwa na oili.

Msichanganye na mambo ya RB26, injini ya Nissan Skyline GT-R. Kule tatizo ni gia zenyewe za pampu. Za kiwandani ni unga wa chuma ulioshindiliwa na kuokwa, na krenki ya silinda sita mstari mmoja ni ndefu, inajipinda na kujirudi, khasa ukigonga limita, pale injini inapozuiwa isizidishe mizunguko. Juu ya hayo, krenki za mwanzo za Skyline toleo la R32 zina sehemu fupi ya kuzungushia pampu, basi gia inapasuka. Pale gia za chuma kizima kilichochongwa zina kazi ya kweli. Krenki ya EJ ni fupi na ngumu.

Kabla ya kuwasha nilijaza oili ndani ya pampu, nikachomoa soketi ya sensa ya krenki, nikapiga stata kidogo kidogo mpaka sindano ya geji ikanyanyuka. Msiliruke hili hata kwa haraka gani, kwa sababu sekunde chache za ukavu zinakwangua beringi mpya.

Kitabu cha Subaru kinataka kama baa 1 kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) oili ikiwa nyuzijoto 80, na karibu baa 3 kwa mizunguko 5,000 kwa dakika. Kijana akaenda Chwaka na kurudi, tukasoma geji pamoja injini ikiwa ya moto: imepita kidogo pote pawili, kwa pampu yake ya zamani. Boksi ameliacha kwangu, na pesa ya ufundi iliyobaki tumekubaliana iende kwenye sampu.