Kwa nini jua hupenya paa la makuti lakini mvua haipenyi?

Ingia chumba kilichoezekwa makuti, Lamu au Malindi, saa sita ya mchana wakati wa upepo wa Kaskazi, kisha funga mlango na madirisha. Ukitazama juu utaona vijicho vya mwanga vimetapakaa kama nyota. Rudi chumbani humo mwezi wa Mei, masika yakimwagika: sakafu kavu. Upenyo uleule unaopitisha jua unawezaje kuyazuia maji?

Ni kwa sababu mwanga huenda moja kwa moja, na maji hayaendi hivyo. Maji hupenda kushika kitu. Tone likiangukia jani la mnazi hushika mgongo wa jani, huteremka nao hadi nchani, na hapo tu ndipo linapodondoka, tena mgongoni mwa jani la safu ya chini yake. Linapokezanwa hivyo, jani kwa jani, mpaka mchirizini, kwenye ukingo wa chini wa paa. Upenyo mdogo baina ya majani haulivuti, maana njia ya mgongo wa jani ni rahisi zaidi.

Lakini hilo hutimia kwa masharti mawili: makuti yawe yamepangwa kwa karibu, na paa liwe na mwinamo wa kutosha.

Kuti la kuezekea, yaani kuti la viungo, ni majani ya mnazi yaliyokunjwa kwenye ufito mwembamba wa kama dhiraa mbili, sentimita 90 hivi, na kushonwa ili yasichomoke. (Kuti la kumba ni jingine: hilo husukwa zima kwenye upongoo wake, nalo hufaa uani na juu ya mgongo wa paa.) Majani ya kuti la viungo yananing'inia kama sentimita 60. Safu moja ikifungwa sentimita 10 juu ya nyingine, ambayo ni upana wa kiganja pamoja na kidole gumba, basi popote utakapochoma kidole paani utakuta matabaka sita ya majani. Katika paa zuri mvua hulowesha matabaka mawili au matatu ya juu tu. Yaliyobaki ni akiba.

Hapo ndipo fundi wa bei rahisi anapokuibia bila wewe kujua. Akifunga safu kila sentimita 15 badala ya 10, matabaka hushuka kutoka sita hadi manne, na paa likiwa jipya huwezi kuona tofauti ukiwa chini. Utaiona mwaka wa pili au wa tatu, jua litakapokuwa limekwisha kula tabaka la juu. Siku ya kazi chukua kijiti ulichokikata kwa kipimo, ukipitishe baina ya fito. Fundi mwaminifu hatachukia.

Mwinamo ndio unaowapoteza wengi. Pau zikiinama nyuzi 45, watu hudhani majani nayo yameinama nyuzi 45. Sivyo. Kila jani limelalia mafungu ya majani yaliyo chini yake, kwa hiyo limelala zaidi kuliko upau wenyewe. Paa la nyuzi 45 lina majani yaliyo chini ya hapo kidogo, na bado maji yanakimbia. Paa la nyuzi 30 lina majani yaliyolala mno. Maji yanazubaa, yanatafuta njia ya ndani, na hata yasipovuja yanachelewa kukauka. Kupima si kazi: gawanya upana wa chumba kwa mbili, na kilele kipande juu ya ukuta kwa kiasi hichohicho. Chumba cha mita 4 kinataka kilele cha mita 2. Ukipunguza kidogo paa litastahimili, lakini usishuke chini ya nyuzi 40 kwa kubania miti.

Na kukauka ndiko hasa kunakolipa paa umri wake. Kuti halifi kwa kulowa, hufa kwa kukaa limelowa. Linaloiva kwa unyevu huota ukungu, hulegea, kisha huwa kama tumbaku mkononi. Ndiyo maana kutandika turubai au nailoni chini ya makuti ni kosa, ingawa wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Makuti hukauka pande zote mbili, juu kwa jua na chini kwa upepo unaopita chumbani. Ukiziba chini, jasho linabaki katikati na paa linaoza kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Zamani, moshi wa kuni ulikuwa ukisaidia: ulikausha majani kila siku na kufukuza wadudu. Jiko la gesi lina raha yake, lakini huduma hiyo halina.

Sasa angalia jambo ambalo wakaazi wengi wamelishuhudia bila kujiuliza sababu: upande wa paa unaotazama kusini, upande wa suheli, huchoka kabla ya ule wa kibla. Lamu iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, na kibla chake ni kaskazini. Mwezi wa Desemba na Januari, Kaskazi inapovuma na mvua ni chache, jua la mchana huwa limeegemea kusini, basi upande ule unachomwa karibu wima. Majani yanakakamaa na kuvunjika nchani. Kisha jua huhamia kaskazini, na hapohapo Kusi, upepo wa kusini, inaingia na mvua ya masika, ikipiga upande uleule. Mwezi wa Juni jua la mchana linaupitia upande huo kwa mshazari tu, halina nguvu ya kuukausha. Yaani upande wa kusini huungua wakati wa ukavu na kukosa jua wakati wa maji. Kwa hiyo usiezeke pande zote mbili kwa mazoea. Mara nyingi upande wa kibla una msimu mmoja au miwili zaidi ya kuishi, na fedha yake inaweza kungoja.

Kazi kubwa yote hufanywa Kaskazi, kati ya Januari na katikati ya Machi. Vuli imekwisha, masika hayajafika, na makuti yanakauka vizuri. Anza kwa kukagua kutokea ndani, saa sita mchana, milango imefungwa. Vijicho vidogo visikutishe. Ukiona umbo la mbingu, mahali penye upana wa kidole au zaidi, hapo majani yamekwisha. Weka alama ya mkaa kwenye upau ulio karibu.

Kisha hesabu makuti. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye paa la vipaa viwili na kilele cha mita 2. Paa lazima litoke nje ya ukuta sentimita 60 ili mchirizi usirushie ukuta maji; ukuta wa udongo utakushukuru zaidi. Mteremko wa kila upande unakuwa kama mita 3.7, yaani safu 37 za sentimita 10. Urefu wa paa, ukiongeza nusu mita kila mwisho, ni mita 6. Kuti la sentimita 90 hulazwa juu ya mwenzake sentimita 15 hivi, kwa hiyo linafunika 75, na safu moja inakula makuti 8. Safu 37 mara 8 ni 296, na pande mbili ni 592. Agiza 650, maana kuna safu ya kwanza ya mchirizini ambayo hufungwa maradufu, na kuna yatakayovunjika njiani, hasa yakivushwa kwa jahazi na kupakuliwa kwa kutupwa.

Usinunue makuti mabichi kwa sababu yanapendeza kwa rangi. Jani bichi likikauka hunywea, na paa ulilolifunga likiwa limebana litafunguka matundu baada ya mwezi. Nunua yaliyokwisha geuka rangi, uyapinde mkononi: yanyumbuke bila kupasuka. Tikisa fungu, majani yakimwagika, mshono haukukazwa.

Kuezeka huanzia mchirizini kwenda juu, na maungio ya safu moja yasikae juu ya maungio ya safu iliyo chini, la sivyo umechora njia ya maji kwa mkono wako. Pau zikiwa zimeachana dhiraa moja, kila kuti litapata sehemu mbili au tatu za kufungwa, zifunge zote. Kamba ya usumba, itokanayo na makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi, haiogopi chumvi. Kamba ya nailoni nayo inafaa kwa kuwa majani huikinga na jua. Waya wa kawaida na misumari isiyopakwa zinki, hapana: hewa ya bahari haichelewi kuvila kutu, na siku ya upepo safu nzima inateremka.

Ikiwa ni kiraka tu, kosa la kawaida ni kulaza kuti jipya juu ya lililochakaa. Hilo hufanya nundu, na juu ya nundu maji husimama. Kiraka sahihi huchomekwa. Inua majani ya safu ya juu kwa kijiti, chomoa lililooza, pitisha jipya chini ya wenzake, lifunge kwenye pau, kisha liachie la juu lilifunike.

Mgongo wa paa una masharti yake, kwa kuwa pale hakuna safu ya juu ya kuulinda. Makuti ya kumba hupandishwa mgongoni yakaning'inia pande zote mbili, tabaka tatu au nne, na kubanwa kwa fito ndefu zilizofungwa pamoja kupitia paani. Hapa pasubiriwe kuvuja? La. Makumba ya mgongoni yabadilishwe kila mwaka au kila miaka miwili hata kama paa lote ni zima. Ni kazi ya nusu siku, nayo huokoa pau za kileleni, ambazo zikioza huwezi kuzibadilisha bila kuezua.

Wakati wa maleleji, Kaskazi imekata na Kusi haijashika, kata matawi ya mwembe au mkwaju yaliyolalia paa. Majani yanayodondoka huziba njia ya maji na kufuga unyevu. Yafagie kwa kuvuta kutoka juu kwenda chini. Ukisukuma kwenda juu unainua majani ya makuti na kuyavunja. Tazama pia vifungo vya upande wa kusini, na ikiwa nyumba iko wazi mbele ya bahari, tandaza wavu mkuukuu wa kuvulia juu ya mgongo na uukaze pande zote. Unazuia upepo, unazuia na kunguru wanaochomoa majani kwa ajili ya viota.

Masika yakianza, kazi yako ni kutazama tu. Usipande: kuti lililolowa huvunjika chini ya mguu na kamba huregea. Tone likionekana, jua kwamba tundu haliko juu yake wima. Maji hutambaa juu ya upau kabla ya kudondoka, kwa hiyo fuata upau kwa tochi kuelekea kileleni. Na kama kunavuja siku za upepo tu, makuti huenda hayana kosa. Ni mvua ya Kusi inayorushwa kwa ubavu na kuingia chini ya majani. Dawa yake ni kuteremsha mchirizi au kufunga kumba upande wa kisusi, ubavuni mwa nyumba, si kuongeza makuti. Maji ya paa hili pia usiyaelekeze kwenye birika la kuhifadhia maji ya kunywa. Yana rangi ya chai ya rangi, na takataka za majani.

Mvua zikipungua, Agosti hadi Septemba, geukia miti. Boriti na pau za mkoko zinastahimili mchwa kuliko miti mingi, lakini mchwa hupanda kwa njia ya udongo kwenye nguzo na ukuta hadi kwenye makuti yenyewe. Vunja vijia hivyo vya udongo kila uvionapo. Unga mwembamba unaodondoka sakafuni ni alama ya dumuzi ndani ya mti. Gonga upau kwa kitako cha kisu: mti mzima hulia mkavu, ulioliwa husikika mtupu. Ukihitaji kubadilisha, pau huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ni nyembamba kuliko mazio na boriti, ambazo ni miti minene zaidi. Usikubali fito mahali pa upau.

Lamu mjini makuti mengi hayako juu ya chumba kabisa, yako juu ya sakafu ya chokaa ya nyumba ya mawe. Paa lile bapa la boriti, mawe na chokaa hupasuka likipigwa jua na mvua kwa zamu, na ufa mmoja unatosha kuozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani. Makuti juu yake ni mwavuli, kwa hiyo nguzo zake zisitoboe sakafu. Zisimamishwe juu ya vitako vya mawe na maji yapate njia ya kutoka.

Yale makuti yaliyoezuliwa usiyachome uani. Ni Kaskazi, upepo una nguvu, vichochoro ni vyembamba na paa la jirani ni kavu kama lako. Yapeleke shambani yakaoze chini ya minazi, na yenye fito nzima yabaki ya kuwashia moto jikoni.